Vikaratasi Kumi vya Chumba cha Kushonea

Chumba cha mbele cha nyumba yetu, huku Izia, Sumbawanga, ndicho mama anachoshonea. Kabla sijakitia mkono kilikuwa kama mtu amemwaga mtumba chini halafu akakimbia mvua. Vitenge juu ya kiti, bitana chini ya kiti, vifungo ndani ya sufuria iliyotoboka, pasi ya mkaa imekaa juu ya gunia la mahindi kama bibi harusi. Ukutani, kwenye msumari mmoja mkubwa, zilining'inia kamba. Si kamba hasa, ni kanda nyembamba za vitambaa, nyingine zimefubaa, nyingine mpya, kila moja ina mafundo manne matano. Zilijaa pale msumarini nene kama mkia wa ng'ombe.

Zile kamba ndizo vipimo vya wateja. Mtu akileta kitambaa kwa mara ya kwanza, mama anachana ukanda pembeni mwa kitambaa hicho na kumpima nao: fundo la bega, fundo la kifua, la kiuno, la nyonga, la urefu. Kisha anautundika. Mwaka ukipita, mteja akirudi na kitambaa kingine, mama anaingiza mkono kwenye ule mkia na kuchomoa ukanda wa mtu yule yule huku anaongea mambo mengine. Futi ya kupimia anayo, ya njano, na alikuwa akiivaa shingoni kutwa kama daktari. Lakini ilikuwa pambo tu. Wateja wanapenda fundi mwenye futi shingoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu lilikuwa halisemwi. Mama hajui kusoma. Kanisani hushika kitabu cha nyimbo kama wenzake, na kwa kuwa amezikariri zote, watu ndio humuuliza yeye ubeti wa tatu unaanzaje. Hakuna aliyejua. Mimi nilijua nikiwa darasa la nne. Nilileta ripoti ya shule ambayo mwalimu ameandika chini kwa wino mwekundu: "Anachezacheza darasani na kuchekesha wenzake, mzazi afike shuleni." Mama akaichukua, akaitazama kutoka juu mpaka chini, polepole, akatikisa kichwa, akasema, "Hongera, mwanangu." Nikaipokea ile hongera. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikaketi chini.

Sasa niko kidato cha tatu, na kuchekesha wenzangu ndiyo kazi niliyoendelea nayo. Mwalimu wetu wa hesabu anaitwa Pasi ya Mkaa shule nzima, kwa sababu hupita madawatini akipuliza moshi, na jina hilo nilimpa mimi. Watu wanalisema wakidhani lilizuka lenyewe. Nilikuwa najivunia sana.

Likizo ya Juni mama alipata kazi ambayo alikuwa akiitamani kwa muda mrefu. Kina mama wa jumuiya yetu walikuwa wanashona sare za kitenge kwa ajili ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu ambaye parokia imepewa jina lake. Miaka yote walipeleka kwa fundi mmoja mjini, mwanamume mwenye mashine tatu na mafundi wadogo. Safari hii mwenyekiti wao akasema, "Tumjaribu mwenzetu." Magauni kumi, pamoja na la mama mwenyewe, kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Mama alikuwa akikikunja na kukikunjua kama amezaa.

"Yakitoka vizuri haya," aliniambia, "jumuiya nyingine zitakuja. Yakiharibika, mwanangu, nitabaki kutia viraka suruali za shule mpaka nizeeke."

Akayakata yote kumi, kila gauni akalifunga na kamba ya mwenyewe huku akinitajia ni la nani, kwa maana kitenge kilikuwa kile kile na hakuna namna nyingine ya kujua lipi la nani. Halafu akaenda kijijini Mwimbi siku tatu kumsaidia dada yake kuvuna ulezi. Akaniachia nyumba.

Mimi nilikuwa nimeona video kwenye simu ya rafiki yangu, jirani yetu ninayesoma naye. Mama mmoja wa huko ng'ambo anaonyesha chumba chake cha kushonea: mitungi ya kioo, vifungo vimepangwa kwa rangi, vitambaa vimekunjwa kama mikate dukani, kila kitu kina karatasi yenye jina. Nikamwambia rafiki yangu, "Mshikaji, leo tunaleta maendeleo Izia."

Na tulifanya kazi, nisijinyime sifa. Tuliomba makasha ya sabuni dukani. Tulipigilia mbao za kreti za soda ukutani zikawa rafu. Vifungo tukavitia kwenye makopo ya majarini, vyeupe peke yake, vyeusi peke yake. Zipu tukazitundika kwa urefu. Sakafu nikaipiga deki mara mbili, na kwa baridi ya Juni ya Sumbawanga, mwenye kuijua atanihurumia vidole. Kisha tukafika kwenye zile kamba.

"Uchafu huu vipi?" rafiki yangu akauliza.

Nikamweleza ni vipimo. Nikaona nitende wema. Nilichukua ile futi ya njano, nikapima kila fundo la zile kumi za sare, nikaandika namba kwenye vikaratasi vizuri kabisa, kila kimoja nikakibana kwa pini kwenye gauni lake rafuni. Bega, kifua, kiuno. Halafu kamba zote, za sare na za wateja wa miaka yote, nikazishindilia kwenye mfuko wa kitambaa, nikaushona mdomo, ikawa mto wa kuwekea kwenye kigoda cha mama. Nilijiona mwenye akili sana. Mama angekuwa anakalia wateja wake wote.

Kilichobaki ni majina juu ya vile vikaratasi. La kwanza nilikuwa naandika la mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mnene anayetembea polepole akiwa ameshika kiuno. Rafiki yangu akachungulia zile namba.

"Kiuno hiki ni cha mtu au lumbesa?"

Tulicheka mpaka pini zikamwagika. Lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linavishwa kofia. Mkono wangu, sijui nani aliutuma, ukaandika: LUMBESA.

"Wewe! Mama yako si ataona?"

Na mimi nikajibu, "Hasomi."

Hivi hivi tu. Siri ambayo mama aliibeba miaka yote, akaifichia hata kwenye kitabu cha nyimbo, nikaitoa kama mtu anayegawa peremende. Rafiki yangu akafungua macho. "Kabisa?" "Kabisa." Na badala ya kuona aibu nikaona nimepata daftari ambalo hakuna mwalimu wa kulisahihisha.

Basi tukaandika. Mama mwembamba anayeimba sauti ya kwanza: DAGAA WA KIRANDO. Yule anayejua habari za kila nyumba kabla wenye nyumba hawajazijua: REDIO MBAO. Na yuko mama mmoja mpole, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye mumewe alihamia kwa mwanamke mwingine, na kila mtu mtaani anajua na kila mtu anajifanya hajui. Kwake niliandika KIPORO. Rafiki yangu hakucheka sana hapo. Nikaona hajaelewa, nikamfafanulia.

Mama aliporudi, mavumbi ya ulezi bado kichwani, alisimama mlangoni na mfuko wake begani. "Jamani," akasema. "Jamani, mwanangu." Akagusa rafu. Akafungua kopo la vifungo vyeupe akalifunga tena. Kisha nikaona macho yake yamekwenda kwenye msumari.

"Kamba ziko wapi?"

"Nimezipima zote, mama. Namba ziko kwenye karatasi, na jina la kila mtu. Siku hizi hakuna fundi wa mafundo."

Akagusa msumari mtupu. Angeweza kusema. Angesema maneno matatu tu na mimi ningekimbia kuufumua ule mto. Akasema, "Umefanya vizuri." Akakaa juu yake.

Siku zilizofuata alishona mimi nikiwa karibu. "Hebu nisomee hapo, macho yangu yana vumbi." Nami namsomea: ya mwenyekiti, mama, bega kumi na saba. Ninatamka jina halali huku ninatazama LUMBESA. Kila gauni alilolishusha alichomoa pini, akakiweka kikaratasi pembeni ya mashine pasipo na mafuta, akishamaliza anakirudisha pale pale kilipokuwa. Alivishika kwa ncha za vidole, kama vyeti. Siku moja rafiki yangu alikuja, akavitazama, tukaangua kicheko. Mama naye akacheka kwa kutuona tunacheka. "Nyie watoto mna nini?" akasema, akiwa na furaha. Nikiikumbuka ile sura yake nikiwa nimelala, huwa najifunika shuka mpaka kichwani.

Nilipanga kubadilisha vikaratasi Jumanne, kwa kuwa kina mama walikuwa waje Jumatano kujaribisha. Nilikuwa nimeandika vingine kabisa, majina matupu, vikasubiri ndani ya daftari la jiografia. Lakini Jumapili, baada ya misa, walikuja wote tisa moja kwa moja kutoka kanisani.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina! Karibuni, karibuni. Jamani, mngesema nijiandae."

"Tumeshindwa kuvumilia, fundi. Tumeona tupite tuone."

Mimi nilikuwa jikoni. Mama aliniita nilete chai, na niliposikia wingi wa sauti nikakumbuka vile vikaratasi. Nikabeba sinia mbio, vikombe vinagongana, lakini nilipofika mlangoni mama alikuwa ameshaanza kuwagawia zile nguo. Hakuuliza ya nani ni ipi. Alikuwa amekariri mahali pa kila moja kwenye rafu, kama anavyokariri nyimbo.

"Chumba kimependeza!" anasema mmoja. "Hata kule mjini hakuna hivi."

"Ni mwanangu," mama akajibu, na sauti yake ilikuwa imejaa. "Ameniandikia kila kitu. Shikeni, shikeni, kila mtu yake."

Mwenyekiti alivaa miwani. Akatazama kikaratasi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akavaa tena.

"Fundi, hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo yako, mwenyekiti."

"Na hiki kilichoandikwa hapa, umekisoma?"

"Nimekisoma," mama akasema upesi, kama alivyozoea.

Yule mwembamba akapaza sauti: "Dagaa wa Kirando! Mimi?"

"He, mwenzangu, umekuwa mboga!" Mwingine akacheka, akajipiga paja, akageuza cha kwake. Kicheko kikakatika. "Redio... nani redio mbao? Fundi! Mimi redio mbao?"

Mama alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebaki peke yake, macho hayamo. Alikuwa anamtazama huyu na huyu. Yule mama wa nyumba ya tatu alikichomoa kikaratasi chake, akakikunja mara mbili, mara tatu, akakifumbata.

"Tumekupa kazi tukisema ni mwenzetu," mwenyekiti akasema, bila kupandisha sauti. "Kumbe tukitoka hapa unatuandika. Umesema umesoma, fundi. Haya, nisomee mimi hiki changu." Akamnyooshea.

Mama akakipokea. Akakitazama kutoka juu mpaka chini, polepole, na ningetoa chochote asitikise kichwa. Sinia lilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi ndefu tu, mtu angeweza kusali Baba Yetu nzima ndani yake. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, shule nzima, sikuwa na mdomo.

Mama akaivua ile futi shingoni, akaiweka juu ya mashine.

"Sijui kusoma, mwenyekiti," akasema. "Namba sijui, majina sijui. Nimesema nimesoma kwa sababu nimezoea kusema hivyo." Akanigeukia. "Weka chai chini. Wewe unajua. Msomee kila mtu cha kwake, hapa mbele yangu, na mimi nisikie."

Nilisoma. Nilianza na cha mwenyekiti, nikasema "Lumbesa" kwa sauti ya mbu, akasema, "Sijasikia," nikarudia. Nikasoma dagaa, nikasoma redio, nikasoma vingine ambavyo sitaviandika hapa. Tulipovitunga vilikuwa na utamu. Ukivisema ukiwa umemtazama mtu usoni, anakutazama, ameshika gauni lake, havina utamu wowote. Yule mama wa nyumba ya tatu alipofikiwa alifungua ngumi akanipa mwenyewe kile kikaratasi, kimelowa jasho. "Kiporo," nikasema. Mama akafumba macho. Yule mama akasema, "Asante," neno lile lile analosema ukimpa kiti.

"Na changu," mama akasema.

Gauni la kumi, la mama mwenyewe, lilikuwa bado kwenye rafu. Nilikwenda nikalishusha. Kikaratasi chake nilikiandika mimi peke yangu, rafiki yangu alipokwenda kuchota maji, na hata yeye sikumwonyesha. Niliandika: HUYU HATA UKIMTUKANA HAJUI.

"Kimeandikwa 'Mama'," nikasema.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake. Nilimsikia anasoma, mtu akisoma karibu na sikio lako unajua. Nikangoja aseme, na moyoni nikawa nataka aseme, niishe mara moja.

"Ndiyo," mwenyekiti akasema. "Kimeandikwa Mama."

Wakaondoka bila kunywa chai. Wawili walichukua magauni yao kama yalivyo, hayajatiwa kola wala kupindwa: yule wa dagaa, na yule wa nyumba ya tatu. Wengine waliyaacha, wengine kwa kununa, wengine kwa kumgusa mama bega. Mwenyekiti akasema atapitia lake Alhamisi, na kwamba mikono ailegeze kidogo, "lumbesa haibanwi." Hakuna aliyecheka, ila nafikiri alisema kwa ajili ya mama.

Nyuma ya mlango wetu kuna fimbo ya mpera. Mama hakuiangalia hata kidogo. Alichukua ule mto, akakata mshono kwa wembe, akamwaga kamba zote sakafuni. "Kaa," akaniambia. Nikakaa. Akaanza kuzichagua, moja moja, akipitisha mafundo kati ya vidole. Hii ya mwenyekiti. Hii ya yule anayeimba. Hii ya marehemu, mama wa mjini, weka pembeni. Alikuwa anasoma, ukitaka ukweli, na mimi ndiye niliyekaa pale nisijue hata moja ni ya nani.

Akiwa hajainua kichwa akasema, "Soma tena kile changu."

"Mama, nimesha..."

"Vile tisa ulivisoma kama unameza dawa. Changu ulikisoma haraka. Soma tena."

Nikasoma kilichoandikwa. Mikono yake ilisimama. Nje pikipiki ilipita, ikafika kwenye kona, ikapotea, na bado mikono imesimama.

"Ulijua lini?"

"Darasa la nne."

"Ile ripoti," akasema. "Nilikuona umetoka nje. Nikadhani umefurahi." Akaokota kamba nyingine, akatafuta fundo lake. "Basi sikujua. Umeandika kweli."

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba msamaha kwa maneno mazuri. Nililia kamasi mpaka nikazilowesha kamba mbili, akaninyang'anya.

Alinituma peke yangu nyumba ya tatu. Nilimkuta yule mama uani anapukuchua mahindi. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, nikasema nililokwenda kusema. Alisukuma ungo kidogo kwa mguu upande wangu, nikakaa, nikapukuchua. Tulipukuchua mpaka vidole gumba vikaniwaka, debe likajaa, na hakuongea. Nilipoaga akasema, "Mwambie mama yako sina neno naye." Mimi hakunitaja.

Siku ya sikukuu ya somo walisimama mstari mmoja mbele ya kanisa, kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Nane yana kola ya duara, mawili yana kola iliyochongoka ya fundi wa mjini. Watu wa nyuma hawakuona kitu. Mimi sikuona kitu kingine misa nzima. Jumuiya nyingine zilikuja baadaye, moja tu, si zote.

Chumba kimerudi kuwa cha mama. Rafu ameziacha, kamba ziko msumarini, vifungo vimechanganyikana tena. Kilichobadilika ni kimoja. Mteja mgeni akiingia na kitambaa chake, mama anachana ukanda, anasogea, anasema, "Mimi sijui kusoma, dada, kwa hiyo nitajie jina lako vizuri nilisikie." Anasema wazi wazi, kama anavyouliza unataka mikono mirefu au mifupi. Mteja anataja jina, kazi inaendelea. Na mimi, nikiwa mle ndani, huwa nainama chini kuokota pini, hata kama hakuna pini iliyoanguka.